Soksi za Lifti

Lifti ya jengo lile ilipokufa, dada wawili walitengana bila kugombana.

Mkubwa alikaa ghorofa ya sita. Mdogo alikaa chini kabisa, mlango wa kwanza kushoto ukiingia. Magoti ya mkubwa yalikuwa yameisha kama breki za baiskeli, na ya mdogo yalikuwa njiani. Ngazi zilikuwa mia moja na nane, watoto wa jengo walishazihesabu. Kwa miezi minne wa juu hakushuka na wa chini hakupanda. Vijana wanne walijitolea kumbeba mkubwa kwenye kiti, akawaambia, "Mimi si kabati." Basi wakabaki kuishi kwa kamba na kikapu. Wa juu anashusha kikapu dirishani, wa chini anatia vitunguu, dawa ya kikohozi au gazeti la juzi. Maneno hawakuyatia kikapuni. Waliyapaza kwa kelele, mpaka jengo zima likawa linajua nani kaota nini.

"Miezi minne naangalia utosi wako tu!" alipaza mkubwa. "Uso umeuficha wapi?"

"Bora wewe unaona utosi! Mimi naona matundu ya pua, basi!"

Mkubwa alikuwa na binti aliyekaa naye pale juu, na huyo ndiye mwenye hadithi hii. Kazi yake ilikuwa kukereza na kuchonga vyuma kwenye karakana, mwaka wa ishirini sasa. Karakanani walimwita Bi Kaza, kwa sababu akikaza nati, mwingine hailegezi. Hata nyumbani chupa ya mafuta aliyoifunga yeye ilibidi imsubiri arudi kutoka kazini ndiyo ifunguke.

Jumatatu jioni alipoingia mlango wa jengo, alimkuta mama yake mdogo amekaa juu ya sanduku, katikati ya maboksi.

"Shikamoo mama mdogo. Unapanga nini?"

"Marahaba. Sipangi, napangua. Mwenye nyumba anakitaka chumba, anasema atafanya stoo. Mwanangu anakuja Jumamosi na gari, anichukue."

Bi Kaza akaweka begi chini. Huyo mwanawe alikaa mbali, safari ya siku mbili kwa basi.

"Na wewe unataka kwenda?"

"Ni mtoto mzuri. Kanitengea chumba cha nyuma, kina hata feni. Lakini kule simjui mtu, mwanangu. Hata mwenye duka simjui. Nitagombana na nani?"

"Si uhamie kwetu? Mama ana kitanda cha pili pale kimekaa bure."

Mama mdogo akainua macho kuzitazama ngazi. "Nipande kwa mabawa?"

Bi Kaza alipanda zile ngazi mia moja na nane bila kuhesabu. Juu alimkuta mama yake amekaa dirishani, kikapu kipo mapajani, kitupu. Hakuuliza kitu. Mama ndiye aliyeuliza.

"Hivi hiyo lifti ina nini hasa? Miezi minne naambiwa imekufa. Imekufa kwa nini? Hata maiti huulizwa ugonjwa wake."

Bi Kaza, fundi wa miaka ishirini, hakuwahi kuuliza. Alisikia haya mpaka masikio yakawaka.

Kesho yake alfajiri alimtafuta fundi lifti, mzee mmoja mwembamba kama spana namba kumi, akamkamata kabla hajanywa chai. Wakaingia wote wawili chini ya lifti na tochi.

"Mota nzima," alisema fundi lifti. "Kamba za chuma nzima, nilibadilisha mwaka jana. Breki nzima. Mgonjwa ni huyu hapa." Akamulika. Kwenye kila pembe ya lifti palikuwa na kipande cha chuma kilichoikumbatia reli, ile inayopanda ukutani toka chini mpaka juu. "Hiki tunakiita kiatu. Ndani ya kiatu inakaa soksi, ya plastiki. Soksi ndiyo inayoteleza juu ya reli. Sasa ona."

Soksi ilikuwa imelika mpaka imetoboka. Chuma kilikuwa kinasugua chuma.

"Ziko nne tu. Lakini kiwanda chake kilifungwa zamani. Nimewaandikia barua tatu, ya mwisho imerudi na muhuri. Niiendeshe hivi hivi, ipate ajali? Nimeifunga, nalala usingizi."

"Hicho tu?" Bi Kaza alikaribia kucheka. "Nitakuchongea za shaba. Leo jioni unazo."

"Za shaba!" Mzee akashika kiuno. "Mama, soksi nabadilisha kwa nusu saa. Reli ikilika nafanyaje, nivunje jengo? Hapa anayetakiwa kufa ni soksi, siyo reli. Ila afe polepole, afe uzeeni."

Bi Kaza hakuwa mpenzi wa plastiki. Kwake plastiki ilikuwa ndoo na vijiko vya watoto. Lakini maneno yale yaliingia. Akaitia ile soksi mbovu mfukoni, akaenda nayo karakanani.

Kwenye rafu ya karakana palikuwa na gogo jeupe la plastiki, limebaki kwenye kazi fulani ya gia. Mchomeleaji wao, jamaa waliyemwita Domo kwa sababu zinazoeleweka, akalishusha yeye mwenyewe.

"Hii hapa nailoni. Chonga, kesho umemaliza, keshokutwa mama anapanda kama malkia."

"Una hakika ni nailoni?"

"Si nyeupe?"

Kwa mafundi wengi plastiki yoyote nyeupe na nzito ni nailoni, mjadala umefungwa. Lakini Bi Kaza alikuwa ameshaumwa na nyoka huyo. Miaka mitatu nyuma alichonga bushi ya nailoni, ile pete inayoikumbatia shafti, kwa ajili ya pampu ya maji, kipimo sawasawa, kazi safi hata yeye akaipenda. Baada ya mwezi ikarudi, imeikaba shafti haizunguki. Nailoni inakunywa maji. Inavimba kidogo kidogo kama maharage yaliyolowekwa. Na lile shimo la lifti, mvua ikinyesha kuta zote zinalia machozi.

Akachukua kisu, akamenya utepe mwembamba kwenye soksi ya zamani na mwingine kwenye lile gogo, akavitupa vyote kwenye ndoo ya maji. Wa gogo ukazama. Wa soksi ukaelea.

"Aha," alisema Domo. "Wa soksi unajua kuogelea. Hiyo inatusaidia nini?"

"Inasema hawa si ndugu." Akatoka nje na koleo, akawasha kila kimoja kwa kiberiti, uso kaugeuza upande. Gogo lilinuka nywele zilizoungua.

"Nani kaunguza kinyozi?" akauliza Domo.

Soksi ilidondoka matone, ikanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Basi alijua anatafuta nini. Anatafuta plastiki nyeupe inayoelea, inayonuka mshumaa, isiyokunywa maji, na ngumu kuchakaa.

Kujua ni kitu kimoja, kupata ni kingine. Jumanne hiyo iliyobaki alizunguka maduka. Walikuwa na mabati ya plastiki membamba kama daftari, walikuwa na mabomba, walikuwa na maneno mengi. Kipande kinene hakuna. Alirudi miguu inawaka moto.

Jumatano asubuhi mama alimtuma nyama. Bi Kaza akasimama kwenye foleni ya bucha, anamtazama muuza nyama anavyoinua shoka na kulishusha. Pa! Mfupa unapasuka. Pa! Ubao hata haushtuki. Ubao wenyewe mweupe, mnene vidole vinne, haukuwa mti.

"Kaka, huo ubao una miaka mingapi?"

"Huu? Huu mtoto, una miaka miwili. Nusu kilo?"

"Na uliotangulia?"

"Ule nilikuwa nao miaka tisa. Uko nyuma, umebonyea katikati, naegeshea mlango." Akasita, shoka hewani. "Dada, unataka nyama au unataka ubao?"

"Vyote."

Foleni ikacheka. Muuza nyama alisema tangu afungue bucha hajapata mteja wa kuomba ubao. Lakini alimkatia chembe kutoka ule wa nyuma, Bi Kaza akaidondosha kwenye beseni la maji pale pale. Ikaelea. Alijua kuelea peke yake si ushahidi, hata ndoo mbovu inaelea. Ushahidi ulikuwa ile miaka tisa ya shoka bila ufa hata mmoja. Akaununua ubao wote, akaubeba kichwani mpaka karakanani. Nyama aliisahau kaunta, ikabidi arudi.

Siku ile alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Aliukwangua ubao juu mpaka alama za shoka zikaisha. Akakinoa kisu cha mashine kikawa kama wembe, maana plastiki ukiikata kwa kisu butu haikatiki, inayeyuka na kung'ang'ania. Ikawa inatoka mikanda mirefu myeupe, inamwagikia sakafuni. Domo alijitengenezea ndevu nayo, akatembea ameinama karakana nzima. "Wajukuu zangu, hamjambo?"

Soksi ilikuwa na umbo la mfereji, kuta mbili na sakafu. Reli inapita katikati. Upana wa mfereji ulitakiwa kuwa milimita kumi na sita nukta tatu. Ukizidi, lifti itayumba kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bi Kaza alikibana kipande kwenye jiliwa, lile taya la chuma linaloshika kazi mezani pa mashine, akakaza kama anavyokazaga siku zote. Akachonga mfereji. Akaingiza vernia kupima, kumi na sita nukta tatu. Moyo ukatulia. Akafungua jiliwa, akakitoa, akapima tena ili tu kujifurahisha.

Kumi na saba nukta moja.

Akafuta vernia kwa shati. Kumi na saba nukta moja. Akakirudisha kwenye jiliwa, akakaza, akapima. Kumi na sita nukta tatu. Akafungua. Kumi na saba nukta moja.

"Kinafanya kama mshukiwa," alisema Domo kwa sauti ya chini, maana hata yeye aliona hapa si pa mzaha sana. "Kikibanwa kinakubali, kikiachiwa kinakana."

Vyote vinne vilikuwa hivyo. Ubao uliobaki ulitosha kutoa vinne vingine, visizidi. Bi Kaza alizima mashine, akakaa juu ya ndoo, akashika tama. Miaka ishirini mkono wake ulikuwa umejifunza jambo moja, kaza kisitikisike. Chuma kilimpenda kwa hilo.

Jioni mezani hakula. Alikuwa na moja ya zile soksi alizoziharibu mkononi, anaiminya. Kuta zinakaribiana, anaachia, zinatanuka. Anaminya, anaachia.

"Unaminya nini hicho? Chakula kinapoa," alisema mama yake.

"Hiki, mama. Chuma ukikibana kinabaki kilivyo. Hiki kinakubali kila kitu mbele yako, ukigeuka kinarudia hali yake."

"Kama marehemu baba yako," alisema mama, akajisogezea sahani.

Bi Kaza akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akanyamaza. Kosa halikuwa la plastiki. Yeye ndiye aliyekuwa anazikunja kuta kwa jiliwa, halafu anachonga zikiwa zimekunjwa, halafu anashangaa zikinyooka. Sasa ashike wapi? Akishika kwa ulegevu, kipande kitarushwa na mashine. Akaigeuza ile soksi kwenye taa. Kwani kazini kwake inashikwa na nani? Inashikwa na kiatu. Basi ichongwe ikiwa imevaliwa.

Alhamisi kabla ya jua alikuwa mlangoni kwa fundi lifti.

"Nataka viatu vyote vinne, uvifungue uniletee."

"Bi Kaza, nikivifungua lifti haitatembea."

"Kwani sasa hivi inatembea?"

Mzee akajikuna kidevu. "Hapo umenishika pabaya."

Akavileta kwenye gunia, akakaa nao karakanani kama mtu aliyebeba mayai ya watu. Siku hiyo Bi Kaza alifanya kazi kwa mkono ambao Domo hakuwahi kuuona. Vipande alivichonga upande wa nje kidogo kidogo, akivishika kwa kubembeleza, mpaka kila kimoja kikaingia kwenye kiatu chake kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Halafu akakibana kiatu chenyewe, chuma kwa chuma, akakaza anavyopenda. Soksi ndani ilikaa raha mstarehe, haikuhisi kitu. Akaanza kuchonga mfereji, lakini hakuufikisha. Alipobakisha nusu milimita, akazima.

"Maliza basi!" alisema Domo. "Imebaki punje."

"Imepata joto. Na nimeikata tumbo zima leo. Iache ilale, kama ina la kujipinda ijipinde usiku huu, nisiambiwe Jumamosi."

"Sasa plastiki inalala."

"Na wewe ukalale."

Ijumaa asubuhi alizipima kabla hata hajavua mtandio. Mbili hazikusogea. Mbili zilikuwa zimejikunja, kidogo kama unene wa unywele. Akatabasamu, maana ile ndiyo hila aliyokuwa anaisubiri. Akamalizia zote kwa mikato myepesi, Domo akipuliza upepo kwa bomba ili zisipate moto. Akapima. Akafungua jiliwa. Akaifuta vernia kwa shati. Akapima tena.

Kumi na sita nukta tatu. Zote nne.

"Sema tena," alisema fundi lifti, aliyekuwa amekuja kuchukua viatu vyake.

"Pima mwenyewe."

Mzee akapima, akavaa miwani, akapima tena. Halafu akavirudisha viatu kwenye gunia na kuondoka mbio kama kijana.

Mchana alivifunga. Hakuruhusu mtu kupanda. Alipakia mifuko ya mchanga mpaka uzito wa watu wanane, akaipandisha na kuishusha mara thelathini, sikio kalibandika ukutani. Mara ya kwanza Bi Kaza alisubiri ule mlio wa zamani wa chuma kulia. Haukuja. Lifti ilipita mbele yao kimya kama maji mtungini.

Jumamosi gari lilifika saa tatu asubuhi. Mtoto wa mama mdogo akashuka, mwanamume mkubwa mpole mwenye uso wa usingizi, akaanza kubeba maboksi kuelekea garini. Bi Kaza akamzuia mlangoni.

"Kaka, subiri. Mwulize kwanza anaelekea wapi."

"Anaelekea kwangu. Tulishakubaliana."

"Mlikubaliana lifti ikiwa imekufa. Leo imefufuka."

Wote wakamgeukia mama mdogo. Yeye alikuwa ameshikilia sufuria yake kubwa kifuani, anaitazama lifti kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani.

"Nimesikia ni ubao wa bucha," alisema.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Mimi kiti cha plastiki kilinivunjikia mwaka juzi, mbele za wageni. Sasa nikae juu ya plastiki ghorofa sita?"

"Hukai juu yake. Unaning'inia kwenye kamba za chuma, nene hivi. Plastiki kazi yake usiyumbe tu." Akaona maelezo hayaingii. Mtu haogopi kwa hesabu, na hatulizwi kwa hesabu. Akachukua godoro la mama mdogo, akaingia nalo kwenye lifti. "Natangulia na godoro. Nitarudi. Ukiona sijarudi, panda gari."

Mlango ukajifunga. Akapanda, akalitoa godoro, akashuka. Mlango ulipofunguka mama mdogo alikuwa pale pale, amesogea hatua moja. Bi Kaza akachukua boksi la vyombo. Akapanda, akashuka. Mama mdogo kasogea hatua mbili. Safari ya tatu Bi Kaza hakubeba kitu, alisimama tu ndani na kunyoosha mkono.

"Mama," mwanawe akasema taratibu, "kule chumba nimekipaka rangi."

"Najua, baba. Rangi gani?"

"Ya bluu."

"Nitakuja kuiona. Nitakaa mwezi mzima, nikukaripie mpaka uchoke." Akamgusa shavu. "Lakini kukaa, nikae na mwenzangu. Tumebaki wawili." Halafu akavuta pumzi kama anayeingia maji ya baridi, akaingia na sufuria yake.

Njia nzima alifumba macho. Bi Kaza alikuwa amemshika kiwiko, na wiki ile mkono wake ulikuwa umeshajifunza kushika bila kukaza.

"Tumeanza?" mama mdogo akauliza.

"Tumefika."

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama pale koridoni, ameegemea ukuta, amevaa gauni la kutokea. Dada wawili wakatazamana. Mkubwa ndiye aliyeanza kulia, mdogo akamfuata, na sufuria ikawa katikati yao inawazuia kukumbatiana mpaka Bi Kaza akaichukua.

Kufikia adhuhuri mzigo wote ulikuwa juu, na mwana wa mama mdogo alikuwa anakunywa chai sebuleni kwao, analalamika kakodi lori la kubebea hewa. Ndani dada walikuwa tayari wanabishana nani alale upande wa dirisha.

Bi Kaza alishuka chini. Fundi lifti alikuwa amepiga magoti kwenye shimo, tochi mdomoni, anapitisha kidole juu ya reli. Akamwonyesha. Mafuta tu, hapakuwa na unga wala chembe.

"Zitakaa muda gani?" aliuliza Bi Kaza.

"Kwa mwendo huu? Miaka. Zikiisha utachonga nyingine, si unajua njia?" Akatoka shimoni, akafuta mikono. "Kuna jengo kule ng'ambo ya barabara, lifti yake ina mwaka mzima imelala. Watu ghorofa nane. Nimewaambia Jumatatu nitawaletea mtu. Nimekosea?"

Kabla hajajibu, taa ndogo ya namba sita ikawaka ukutani, lifti ikaanza kupanda. Baada ya kitambo ikateremka, mlango ukafunguka. Dada wawili walikuwa ndani wameshikana mikono, mkubwa na pochi yake begani.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza Bi Kaza.

"Hatuendi popote," alisema mama yake. "Rudisha mlango, tunapanda tena."